Haki ya Kusikilizwa Bila Kuambiwa

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, gari likizunguka Nkwenda nzima kutoka sokoni hadi kwenye nyumba za wageni za barabara ya Uganda, kwamba kuanzia Jumatatu kila mfanyabiashara atakayenyimwa leseni kwa sababu za usalama wa taifa atapewa haki yake kamili ya kusikilizwa. Atasikilizwa kwa heshima, akiwa ameketi, kwa muda usiopungua robo saa. Kitu kimoja tu hataambiwa, nacho ni kosa lake.

Aliyebuni utaratibu huo ni Bwana Byarugaba, Mwenyekiti wa Kamati ya Leseni Nyeti, na alijivunia kazi ya kichwa chake. Hoja yake ilikuwa hivi. Mtu akiambiwa kosa lake atajitetea juu ya kosa hilo, na kesho yake siri ya taifa itakuwa inauzwa sokoni pamoja na nyanya. Akijitetea juu ya kosa ambalo hajaambiwa, basi amelijuaje? Amechungulia, na kuchungulia ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Asipojitetea, hana utetezi. Byarugaba aliupitia utaratibu huo mara kumi akitafuta mwanya asiuone, akajipa pongezi.

Wa kwanza kuifaidi haki hiyo alikuwa Gloriose, ambaye wote wanamwita Mama Dusabe, mwenye mgahawa wa ndizi na maharage jirani na soko. Mgahawa ulikuwa umefungwa wiki ya tatu. Wasichana wake wawili wa jikoni walikwisha rudi kwao Kibingo, na wafugaji waliokuwa wakimletea maziwa kila asubuhi walikuwa wametafuta mlango mwingine. Barua aliyopewa ilisema kwamba leseni yake haihuishwi kwa sababu za usalama wa taifa, na ikamtakia kila la heri. Watu walinong'ona kuwa ni kwa vile babu yake alizaliwa ng'ambo ya Mto Kagera. Lakini ukifunga biashara kwa sababu ya babu, Nkwenda nzima itabaki na duka moja, na hilo nalo la mtu wa Dodoma.

Byarugaba hakuwa na kinyongo naye hata kidogo. Tena yeye ndiye aliyeumia kuliko wote. Kila siku saa kumi jioni alikuwa akiingia kwa Mama Dusabe kupitia mlango wa nyuma, anapewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani ya harufu zikakaushwa, zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, kisha anatia mfukoni na kuondoka. Mlango wa mbele haukumfaa, kwa kuwa wauguzi wa hospitali ya Nyakahanga walimkataza kahawa kwa ajili ya presha, na mkewe, Kokubanza, alilisimamia katazo hilo kwa ukali ambao serikali yenyewe ingeuonea wivu. Sasa alikuwa na wiki tatu hajatafuna, na kichwa kilikuwa kinamgonga. Hata hivyo aliamini kuwa kiongozi lazima ateseke kidogo kwa ajili ya taifa.

Siku ya kikao walikaa watatu: Byarugaba, katibu Komujuni, na mjumbe Kahigi, mzee mpole aliyekuwa akiunga mkono hoja kabla haijatolewa. Mezani palikuwa na bahasha yenye mihuri mitatu. Gloriose aliamkia, akaitikiwa, akaketi. Byarugaba akamfahamisha kuwa robo saa yake imeanza na ajieleze.

"Nijieleze nini, Mwenyekiti?"

"Lolote, Mama. Tumekuja kukusikiliza."

Gloriose akaeleza kwamba anaamka saa kumi alfajiri, kwamba maji yake anachemsha, kwamba hajawahi kumuuzia mtu maziwa yaliyolala. Kahigi akaunga mkono. Komujuni akaandika kuwa mwombaji ameongea nje ya hoja. Kisha mama yule akamtazama Mwenyekiti.

"Kwani wewe kosa langu unalijua?"

"Silijui," akajibu Byarugaba kwa fahari. "Bahasha haijafunguliwa. Ndiyo maana naweza kuamua bila upendeleo."

"Sasa nikiliacha mtajuaje kama nimeacha?"

Swali hilo halikuwa kwenye utaratibu. Komujuni, ambaye alisomea mambo ya utawala na bado yalikuwa hayajamtoka, akasema polepole kwamba kanuni ya nne inaruhusu wajumbe kusoma faili, mradi mhusika awe nje. Byarugaba akaona hakuna ubaya. Gloriose akatolewa, akaketi kwenye benchi la barazani, na mihuri ikabanduliwa.

Taarifa iliandikwa na mtaalamu aliyeletwa kutoka mbali, mtu ambaye hajawahi kuingia nyumba ya huku na kupokewa kwa buni kiganjani kabla hata ya kuulizwa habari. Komujuni akaisoma kwa sauti. Ilieleza kwamba mwenye mgahawa hana tatizo ila anatumiwa. Kila siku saa kumi jioni mtu mnene, mwenye koti la kijivu lililokosa kifungo cha katikati, huingia kwa mlango wa nyuma, hutazama kulia, hutazama kushoto, hupokea kifurushi cha majani chenye punje nyeusi zisizojulikana, huweka moja mdomoni, hufumba macho, kisha huondoka uso wake ukiwa umebadilika. Mtu huyo ni hatari. Mengine kuhusu mtu huyo yako ukurasa wa pili.

Komujuni hakufungua ukurasa wa pili. Alitazama koti la Mwenyekiti, na Kahigi akalitazama, na Byarugaba mwenyewe akajikuta ameweka mkono pale kifungo kilipokosekana.

"Kanuni ya nne," akasema Komujuni. "Mhusika awe nje."

"Ngoja, huo ukurasa wa pili unasemaje?"

"Mzee, hilo ndilo hasa usiloruhusiwa kuuliza."

Kahigi akaunga mkono. Byarugaba akatoka, akaketi kwenye benchi kando ya Gloriose, na kabla hajapata la kumwambia, mama yule akaitwa ndani. Wajumbe wawili hawatimizi akidi. Kanuni, aliyoiandika Byarugaba kwa sababu wajumbe hawaishi kwenda misibani, inasema kiti kilicho wazi kijazwe na mwananchi mwenye akili timamu aliye karibu na mlango.

Akabaki peke yake. Ingekuwa ni kahawa tu, asingeogopa sana. Angekaripiwa na Kokubanza, yangeisha. Kilichomtesa ni ukurasa wa pili. Walijua nini? Walianza kumfuata lini? Akaanza kupekua maisha yake, na jasho likamtoka, maana yalikuwa na vyumba vingi ambavyo hakuwa amevifungua siku nyingi. Kwa mara ya kwanza alielewa jinsi watu wanavyojisikia kwenye benchi lile, na hakupenda hata kidogo.

Alipoitwa, Gloriose alikuwa kwenye kiti chake, leseni mpya imekunjwa mapajani, wino wa mhuri wa katibu haujakauka.

"Karibu ukae, mzee," akasema. "Mimi kosa lako sijaambiwa. Robo saa yako imeanza."

Byarugaba alikusudia kunyamaza. Lakini kunyamaza maana yake hana utetezi, alisema mwenyewe. Akaona bora awawahi. Akaanza na kahawa. Wakamtazama tu. Akaingia kwenye mabati ya zahanati yaliyoezekwa kwenye zizi lake. Komujuni, aliyekuwa akiandika kila neno, akageuza karatasi. Akataja miche ya kahawa ya kikundi cha akina mama iliyohesabiwa kuwa imekauka, nayo inazaa shambani kwake hadi leo, akataja mtoto wa shemeji yake aliyeajiriwa kulinda mzani ambao haujanunuliwa, na kila alipofikiri ametosha alikumbuka ukurasa wa pili akaongeza lingine. Robo saa ikawa saa nzima. Kahigi, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, hakuunga mkono kitu.

Alipomaliza, Komujuni akaufungua ukurasa wa pili mbele yao wote. Ulikuwa mweupe, una mhuri tu na maneno "mengine yatafuata".

Byarugaba akaomba basi, kwa ustaarabu, apewe zile kurasa kumi na moja alizoandikiwa, azisome, ahakikishe kama hakunukuliwa vibaya.

Komujuni alikwisha zitia kwenye bahasha na alikuwa anapaka gundi.

"Haiwezekani, mzee," akasema. "Zinakuhusu."