Numero ya Nne Isipite

Jumatano, 12 Machi
Mama Léocadie, mukubwa wetu hapa ofisi ya wakulima Kasongo, ametangaza kwamba Jumamosi atachagua shefu wa internet. Ni mimi ao Serge. Mimi Raphaël, niliyepandisha antene kwa mikono yangu! Yeye ametoka Salamabila juzi tu, na motobike na maneno mengi. Eti ana akili. Sawa. Lakini seva, ile mashine ambayo internet yote inapitia kwanza, iko mikononi mwangu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepata! Seva inajua kila kompyuta kwa numero yake. Anayewasha kwanza asubuhi anapewa moja, anayefuata mbili, vile vile mpaka mwisho. Serge ni wa nne kila siku, sababu anapitia kwanza kula mikate. Basi nimeandika amri: numero ya nne isipite. Nikaongeza ujumbe wa kutokea kwenye skrini yake: "Wewe, internet haiko ya baba yako. Rudia motobike yako." Kesho mama anaongea na wafadhili wa Kinshasa. Serge akishindwa kufungua hata ukurasa moja siku hiyo, kazi ni yangu. Nimecheka mpaka Emmanuella wa mapokezi akaniuliza kama niko mugonjwa.

Jumamosi, 15 Machi
Ole wangu! Jumamosi ni salongo, mutaa mzima unafagia kabla ya kazi. Nilifagia karibu na mama ili anione. Serge akatoroka, akaingia ofisini wa kwanza kabisa. Numero moja! Emmanuella mbili, muhasibu tatu. Mama akamaliza kukagua mifagio, akawasha kompyuta yake, ya nne. Wafadhili wanangoja, na yeye anasoma habari za baba na motobike.

Nikasema ni mawingu. Nikapanda juu ya paa kugeuzageuza antene. Jua kali, wingu hata moja! Kumbe huku chini Serge amemuunganisha kwa simu yake. Niliposhuka, mama aliniangalia kwa utulivu.

"Ni kweli, Raphaël. Baba yangu aliniachia shamba tu."

Serge ni shefu. Mimi ni musaidizi wake. Niliona haya sana, mpaka saa ya chakula.

Jumapili, 16 Machi
Nimesali. Nimesamehe watu wote, Serge wa mwisho.

Yeye amepanga upya: kila kompyuta iko na numero yake ya kudumu, hata ikiwashwa ya mwisho. Na ameniachia seva nimusaidie. Mujinga gani huyu! Yake ni tisa, haitabadilika kamwe. Nimeshaifunga, na ujumbe nimeurefusha.

Emmanuella anasema kompyuta ya mama imeungua, kwa hiyo kesho atakaa kwa ile ya Serge kuwaomba wafadhili antene ya pili. Hayo ni mambo ya wakubwa. Mimi nangoja tu kuona sura ya Serge.