Habari za Penitoa, Mlinda Viuno wa Salelologa

Sogeeni, enyi mlio na masikio na enyi mlioketi bila kazi. Zimeni redio, kunjueni mikeka, mpate kusikia habari kubwa ya Penitoa mwana wa Fiapopo, fundi wa redio, bingwa wa nyaya, mpana wa mabega na mpana zaidi wa tumbo, ambaye katika ulimwengu huu wa milango isiyohesabika alifungua mmoja tu na akajua kuufunga. Mimi niandikaye ni Losivale wa kijiji cha Salelologa, hapa kisiwani, mshona vifungo katika duka la ushonaji la Lagimaina, shangazi wa shujaa huyo. Yote nisemayo niliyaona mwenyewe nikiwa nyuma ya cherehani, isipokuwa pale niliposinzia.

Juu ya rafu ya duka lile, kati ya majora ya kitambaa, ilikaa seva, kikompyuta cha kutunza kumbukumbu. Haikuzidi ukubwa wa kopo la biskuti, lakini tumboni mwake ilibeba vipimo vya wanawake mia tatu na kumi na sita wa wilaya yetu: kifua, kiuno na nyonga, mwaka baada ya mwaka, na jinsi vilivyokuwa vikipanda. Kiuno cha mke wa mchungaji kilikuwamo. Changu pia kilikuwamo, na hapo naomba tupite.

Ikawa, mwaka wa kuzindua kanisa jipya, wanakwaya wa hapa na dada zao walioko Auckland waliazimia kuvaa puletasi za kitambaa kimoja, blauzi na sketi ndefu, siku moja. Vipimo vya Auckland vikaja kwa simu yenye kelele, na shingo ya Saunoa, mmoja wa dada hao, ikaandikwa mahali pa kiuno chake. Likatoka vazi ambalo hakuna kiumbe angeliingia. Ndipo Lagimaina alipomwita shujaa.

"Peni, nataka dada zetu waingie humo wenyewe, huko huko waliko, waandike vipimo vyao. Kifungue hicho kidude."

"Kufungua si kazi, shangazi."

"Basi unanitazama nini?"

Na Penitoa, aliyezaliwa kama sisi sote katika nyumba ya nguzo isiyo na ukuta hata mmoja, akafungua kama tunavyojua kufungua: pande zote. Akaiunganisha seva na intaneti, akaacha kila tundu wazi, akaenda kunywa kakao. Aliporudi kabla ya chakula cha mchana akatazama orodha ya waliofika mlangoni, na uso wake mkubwa ukabadilika rangi.

"Shangazi, tangu asubuhi wamebisha hodi watu elfu nne."

Lagimaina aliweka mkasi chini. "Elfu nne? Na hakuna aliyewakaribisha kula?"

"Hawa si wageni. Ni wezi, na wengi wao mashine tu. Wanabahatisha neno la siri, moja baada ya jingine. Wakilipata wanabeba vipimo vyote, wanavianika dunia nzima ione."

"Hata cha Mama Mchungaji?"

"Hicho ndicho watakachoanza nacho."

Cherehani zote sita zilinyamaza. Hapo Penitoa akajirusha. Akaruka kikapu cha vitambaa, akaruka cha pili, akapita kati ya meza mbili ambazo mtu wa tumbo lile hakupaswa kupita, akaukamata waya wa intaneti kwa mikono miwili akaung'oa. Pasi ilianguka, na mkono mmoja wa puletasi ukaungua. Huyo ndiye majeruhi pekee wa vita vile.

Kisha akasimama juu ya kigoda, jasho likimtiririka, akatuhutubia. "Mnisikilize, akina mama. Kuanzia leo hiki chombo hakionekani na mtu wa nje. Nitaacha njia moja tu. Kila mmoja atakuwa na ufunguo wake ndani ya simu yake, na neno lake la siri. Vyote viwili. Kimoja bila kingine, hupiti."

"Na aliyeacha simu nyumbani?" nikauliza.

"Atakaa nje."

Lagimaina aliumia kweli. "Peni, katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumwambia mtu akae nje."

"Ndiyo maana leo tumekuwa na wageni elfu nne."

Siku tatu aliihudumia seva ile. Alizisasisha programu zilizokuwa zimelala miaka mitatu, akaziba kila tundu, akanakili vipimo vyote na kwenda kuvifungia kwake. Siku ya nne ikawa Jumapili, na Jumapili hiyo Lagimaina akatuponza. Mama Mchungaji alikuwa amemwomba neno lake la siri, naye hajui kumnyima mtu kitu, Mama Mchungaji akamgawia katibu wa kanisa, na katibu, kati ya tangazo la kufyeka makaburi na la mazoezi ya kwaya, akasoma kwa sauti safi: "Neno la siri la duka la Lagimaina ni Palusami, kama ile mboga ya tui, herufi ya kwanza kubwa, mwishoni mbili na sita."

Penitoa alikuwa amesimama na wanakwaya wa sauti nzito. Nilimwona akiufunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Baada ya chakula kijiji kizima kilitoa simu. Wote walijaribu, na wote wakakataliwa. Nami nilijaribu mara mbili, na sioni haya kusema kiuno cha nani nilikuwa nakitafuta. Mwisho Lagimaina, aliyesahau simu yake kanisani, akaazima yangu, kisha akamwita mpwa wake kwa ukali.

"Imenikataa. Mimi, mwenye duka."

"Kwa simu ya nani?"

"Ya Losivale."

"Basi imefanya sawa, shangazi."

Akanirudishia simu yangu. "Imenikataa hata mimi," akarudia, sasa polepole, na uso wake ukaanza kung'aa. "Basi Mama Mchungaji yuko salama."

Iandikwe basi, na watakaozaliwa wasomewe, kwamba Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Saunoa aliingia kutoka Auckland kwa ufunguo wake na neno lake, akakiweka kiuno mahali pa kiuno, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake. Mmoja aliingia, mmoja akatoka. Tulimpigia Penitoa makofi hadi sindano zikadondoka, na Lagimaina akampa kichwa cha samaki, ambacho hapa kwetu hapewi mtu yeyote tu. Viuno vya Salelologa vimelala salama hadi leo. Changu kimeongezeka tangu hapo. Mkitaka kujua kwa kiasi gani, kabisheni hodi.