Trekta Jipya na Sikio la Kushoto

Jumatatu, 9 Juni 2003

Trekta jipya limefika kiwandani! Jekundu. Lina kibanda cha vioo na kiti kinachodunda. Msimamizi wetu Shikanga amesema dereva atakuwa mimi au mwenzangu Wanyama. Miaka kumi na tisa nimebeba miwa ya kiwanda hiki cha sukari cha Kabras kwa trekta lisilo na paa, linalonguruma kama radi. Hili ni langu! Lakini kwanza, Ijumaa, sote wawili twende mjini Kakamega kwa mtaalamu wa usikivu, tupimwe masikio. Wanyama akaniambia ana nanasi. Nikamwomba kipande. Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Kumbe alisema hana wasiwasi.

Masikio yangu ni mazima. Watu wa siku hizi ndio wanaongea kama wanatafuna muhogo.

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi yameanza. Mke wangu Rosebella alisimama nyuma ya ua akinong'ona maneno, nami mlangoni niyarudie. Akanong'ona jembe. Nikasema pembe. Si mbaya! Akanong'ona sufuria. Nikasema Sofia.

Akatoka nyuma ya ua. Akauliza Sofia ni nani. Hapo hakunong'ona.

Nimekula obusuma, ugali wetu, bila mboga.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata siri! Dorothy wa kanisani kwetu anafagia katika kliniki ya huyo mtaalamu wa usikivu. Nikampelekea jogoo. Akasema unaketi kwenye chumba kidogo, unavikwa vitu vya masikioni, na kila ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Mlio wenyewe ni mdogo kama mbu.

Basi nitahesabu hadi tano, nibonyeze. Nihesabu tena, nibonyeze. Nani atajua? Wanyama maskini anategemea masikio yake tu!

Rosebella akauliza ingokho yake, yule kuku wa kiume, imeenda wapi. Nikajifanya sijasikia. Mara hii nilisikia.

Alhamisi, 12 Juni

Mkata miwa mmoja kanishauri nitie mafuta ya karanga ya vuguvugu masikioni. Nimetia. Labda mengi. Sasa hata la kulia limeziba. Niliruka kwa mguu mmoja uwanjani ili yatoke, Shikanga akauliza kama nimeokoka. Nadhani ndivyo alivyouliza.

Hata hivyo moyo unacheza. Nimepiga pasi shati la Krismasi.

Ijumaa, 13 Juni

Siku yenyewe! Rosebella alisisitiza kunisindikiza. Wanyama aliingia kwanza, akatoka akitabasamu. Mtaalamu anaitwa Ayuma, msichana wa umri wa binti yetu Milcah. Akachungulia sikio langu kwa kurunzi.

"Mzee, humu ndani unakaanga nini?"

Akanisafisha. Nikaingia chumbani. Moja, mbili, tatu, nne, tano, bonyeza! Nilibonyeza vizuri sana, bila kuchoka. Mlango ukafunguliwa.

"Mzee, mashine bado sijaiwasha."

Nikakiri yote, hata jogoo. Nikamwomba asininyime trekta. Akasema hakuna anayenyimwa kazi hapa, kiwanda kinataka tu kujua nani anahitaji kukingwa na kelele. Tukapima upya, kwa haki. La kulia ni zima. La kushoto limeliwa na ngurumo za trekta, akasema, na halitarudi. Miaka yote hiyo niliwalaumu watu.

Kisha akanipachika kifaa kidogo nyuma ya sikio, nikijaribu kwa wiki mbili. Nikasikia shati langu likichakacha. Nikasikia mvua juu ya mabati! Halafu nyuma yangu, polepole:

"Baba Milcah, unanisikia?"

Nikageuka. Sikuhitaji kumtazama midomo. Sauti hiyo ya chini sikuwa nimeisikia tangu Milcah akiwa darasa la nne. Nikatokwa na machozi. Nikamwambia Ayuma ni mafua.

"Vizuri," akasema Rosebella kwa sauti ile ile tamu. "Sasa Sofia ni nani?"

Jumatatu, 16 Juni

Ulimwengu una kelele nzuri! Ndege! Buibui nadhani! Jana kanisani nimegundua kwamba mchungaji hutumia mifano, na mingine inanihusu.

Nimemwapia Rosebella kwamba nimeachana na ujanja. Ujanja ulinipa aibu, ukweli ukanipa sikio. Nimeapa nikiwa nimesimama, mkono juu ya Biblia. Akaniamini, akanichinjia kuku.

Leo Shikanga ametangaza kwamba kwa masikio, mimi nikiwa na kifaa, tumetoshana, kwa hiyo Alhamisi tutapimwa macho. Atakayesoma ubao hadi mstari wa chini ndiye mwenye trekta. Macho yangu ni mazima kabisa. Herufi za siku hizi ndizo ndogo.

Saa sita nilipita nyuma ya mizani ya miwa. Wanyama alikuwa upande wa pili wa ukuta, akikariri ubao wote kwa mnong'ono. Nikaelekeza sikio jipya ukutani, nikatoa kalamu. Nimepata mistari yote! Mahali pamoja tu sina hakika kama alisema M au N. Nimeandika zote mbili.