Umri wa Bi Harusi

Jumatatu, 3 Machi
Taa ya injini imewaka. Ya njano, katikati ya dashibodi, wakati natoa gari uani. Nikaibandika plasta ya kidonda. Mke wangu akaibandua kabla hatujafika barabarani.

Na shemeji alikuwepo! Kaka mkubwa wa mke wangu, jirani yetu, amesimama getini, funguo za gari lake jipya zinazunguka kidoleni. Akasema Bi Harusi sasa ni wa kukatwa vipande, yeye atanunua milango na viti. Bi Harusi ni gari letu. Ndilo lililotutoa ukumbini siku ya harusi, jina likaganda. Mke wangu akamtazama kaka yake, kisha akaitazama taa. Dalili mbaya.

Jioni akatoa hukumu. Jumapili anakwenda stendi kumpokea mama yake, na hawezi kumpakia mama yake kwenye gari lenye taa. Ikifika Jumamosi bado inawaka, shemeji alichukue.

Kukatwa vipande! Kwa fundi siendi, tulikosana aliposema niache kulichokonoa. Nitanunua skana yangu mwenyewe. Unachomeka, inakusomea ugonjwa, kazi kwisha.

Jumanne, 4 Machi
Duka la vipuri. Skana mbili kabatini. Moja ndogo ya bluu, majibu unayasoma kwenye simu. Nyingine kubwa, ina kioo chake na mkoba mweusi kama wa daktari. Ile kubwa!

Dada muuzaji akauliza gari lina umri gani. Swali gani hilo mbele za watu? Mimi ni mpiga picha wa studio, kutwa nawafuta wateja makunyanzi, mkono umeshazoea. Nikasema miaka kumi na miwili hivi. Akasema basi ndogo inatosha. Nikaichukua kwa shingo upande.

Nyumbani nikajipenyeza chini ya usukani kutafuta tundu la kuchomeka. Hakuna. Goti likakaa kwenye honi na likakataa kutoka. Shemeji akaja mbio, akauliza kama Marehemu ameniuma. Ndivyo anavyomwita. Nikamjibu kwamba napima.

Jumatano, 5 Machi
Tundu nimelipata! Lipo chini ya boneti, lina kifuniko chake. Ila tundu na plagi ya skana hawajuani hata kwa kuonana. Nikabembeleza. Nikapaka mafuta ya kujipaka. Nikagonga kwa kisigino cha kiatu.

Nikarudi dukani kulalamika kuwa nimeuziwa mashine mbovu. Dada akaichomeka kwenye gari lake, ikasoma bila kinyongo. Akauliza tena umri. Nikalegeza kidogo, nikasema kumi na minane. Akanibadilishia, akanipa nyingine yenye waya mrefu. Nayo haikuingia. Huyu dada hajui kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Jana sikuandika, nilikuwa nimenuna.

Shemeji ameleta turubali la kufunikia gari. Mapema yote hii! Kaliweka barazani, limekunjwa vizuri. Mke wangu akalitazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na mkoba, akasema twende dukani wote.

Dada akauliza swali lake lile lile. Nikafungua mdomo. Mke wangu akaniwahi: "Lilitubeba siku ya harusi, na hata siku hiyo halikuwa jipya. Kifungua mimba wetu ana miaka ishirini na sita."

Nikaanza kuikagua feni ya dari. Dada akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe gari la umri huo halihitaji skana hata moja kati ya hizi. Unaunganisha matundu mawili kwa waya mdogo, unawasha swichi, halafu unahesabu taa inavyopepesa. Akamwonyesha mke wangu ni matundu yapi. Skana ya pili akaipokea, nami nikauliza habari za ile kubwa. Akasema kwa gari lile hawezi kuniuzia, dhamiri itamsuta.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu akachomoa pini ya nywele kichwani, akaikunja, akaichomeka yeye mwenyewe. Mimi nikakaa mbele kuhesabu. Taa ikapepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili. Nikampigia simu dada wa dukani. Akasema hicho ni kidude kinachopima joto la maji, tutazame waya wake.

Tukautazama. Umechomoka, unaning'inia. Jumapili iliyopita kuna mtu aliisugua injini kwa mswaki ili ing'ae kuliko ya shemeji. Simtaji.

Mke wangu akaurudisha waya, akachomoa fyuzi kidogo gari lisahau yaliyopita, akairudisha. Nikawasha. Taa haikurudi! Akaja kukaa pembeni yangu, mkono juu ya dashibodi. Akasema polepole, "Wangelikata, ningelia. Ulidhani wewe tu ndiye unalipenda?"

Miaka yote hii, na bado mwanamke huyu ananishtua. Nikamwambia nampenda. Akasema nimrudishie pini yake.

Turubali nimempelekea shemeji mimi mwenyewe, nikimwendesha Bi Harusi. Nikapiga honi.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kapokewa salama, mke wangu kwenye usukani, mimi nyuma na mizigo. Mama akalisifu gari, akauliza sasa lina umri gani. Nikasema kama miaka kumi na mitano.

Mama mkwe ndiye aliyelifunga maua siku ya harusi. Akamgeukia binti yake, akauliza kama wajukuu wake wote walizaliwa kabla ya ndoa. Mke wangu akasimamisha gari pembeni ili acheke vizuri.

Pale pale aliposimama pana duka jingine la vipuri. Dirishani wameweka ile skana kubwa yenye mkoba mweusi. Kesho nitapita, peke yangu. Wakiuliza, gari lina miaka mitano.