Seli Zisizo na Nidhamu

Kurugenzi ya Vimumunyisho iliutangazia umma kwamba thina ya kuyeyushia rangi na gundi ni salama kabisa, kwa kuwa kila kimoja kimepimwa peke yake, kwa heshima zake zote, na kitengo chake. Kitengo cha Mchanganyiko hakikuwepo. Kwa hiyo mchanganyiko haukuwepo.

Mkurugenzi alilisoma tangazo hilo akiwa barazani. Meza yake ilihamia huko tangu ofisi yake ipakwe rangi na kubandikwa zulia kwa gundi. Sababu, alisema, ni za kiutawala.

Aliyemharibia asubuhi ni mtafiti wa maabara, binti mpole wa sura tu. Alimwekea mezani darubini na visahani vya seli za ini, alizokuwa akizilea kama vifaranga.

"Hizi nimezipa thina kidogo, Mkubwa. Bado zi hai. Hizi gundi kidogo, nazo nzima. Hizi nimezipa vyote viwili, kidogo vilevile."

Mkurugenzi akachungulia. "Mbona zimelala?"

"Zimekufa."

"Nani aliruhusu vikutane?"

"Vinakutana kila siku kwenye karakana ya mjomba wangu, na haina hata dirisha. Juzi kaanguka, brashi mkononi, macho ya njano. Weka sahihi itobolewe madirisha."

"Mwanangu, kila kimoja kiko ndani ya kiwango. Seli zako zimekufa kwa utovu wa nidhamu. Andika hivyo, la sivyo maabara naigeuza stoo ya viti."

Mtafiti akakusanya visahani vyake.

Kesho yake waandishi wa habari wakaja kusikia habari njema. Wakataka picha ofisini, si barazani kwenye ndoo za mafundi. Mkurugenzi akaingia na wakuu wa vitengo na yule mtafiti, akitabasamu kama anayepelekwa kuchomwa sindano. Mlango ukafungwa ili sauti itoke vizuri. Dirisha lilikuwa limegandishwa na rangi.

Haukupita muda, "viwango vyetu" vikaanza kumtoka Mkurugenzi mdomoni mara mbilimbili.

"Thina yangu iko ndani ya kiwango," alisema Mkuu wa Kitengo cha Thina, ameshika ukuta.

"Na gundi yangu," alisema mwenzake wa Gundi, ambaye tayari alikuwa ameketi sakafuni.

"Sasa kinachonizungusha kichwa ni nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Pengine ini lako halina nidhamu, Mkubwa," mtafiti alijibu kwa adabu zote.

Mwandishi mmoja, leso puani, akasogeza kinasa sauti. "Mheshimiwa, hebu tuambie. Meza yako inafanya nini barazani?"

Mkurugenzi aliutazama mlango. Kamera zote zilikuwa zimeuziba.

"Nilikaa humu siku moja," akasema, kwa sauti ya mwanafunzi aliyekutwa na mkate bwenini. "Nikatapika mpaka nikaona nyota. Vinachanganyika. Nilijua. Nipisheni, jamani."

Mtafiti hakupisha. "Na karakana ya mjomba?"

"Wapeni madirisha. Wapeni hata hili langu, mkiweza kulifungua."