Blanketi la Mtungi

Alhamisi, Julai 10

Jumamosi napeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Kalunde, kule Kalama. Pande zote mbili zikila nyama, Kalunde ni mke wangu kimila. Zisipokula, nitarudi Machakos nikiwa kapera. Binamu yake Ndunda anataka kuleta kuni. Kuni! Mimi, msaidizi wa maabara, mtu anayekesha na majedwali ya propani na butani, nipikiwe kwa moshi? Nimemwambia akae nazo. Nitapika kwa gesi. Jiko nimeazima kanisani, lile kubwa la harusi. Mtungi ni wangu wa nyumbani, mdogo. Mtungi ni mtungi.

Ijumaa, Julai 11

Baridi kali. Leo niliwamwagia wanafunzi wa kidato cha tatu spiriti mikononi. Wakapiga kelele kwamba inagandisha. Nikawaeleza, kwa madaha, kwamba kioevu kikigeuka mvuke hunyang'anya joto kila kinachokigusa. Walinipigia makofi!

Jioni nikapata wasiwasi. Butani, mojawapo ya gesi za mtungini, ni mvivu. Baridi ikizidi, mvuke wake hauna msukumo wa kufika jikoni. Lakini dawa ninayo: nitaufunika mtungi blanketi. Mtu akihisi baridi si hujifunika? Nilijipongeza kwa kikombe cha pili cha chai. Kalunde alipiga simu kuuliza kama nimenunua blanketi la mamake, zawadi ya kesho. Limenunuliwa, nikamwambia, zito, jekundu, na bado liko kwenye nailoni yake.

Jumamosi, Julai 12

Aibu!

Moto uliwaka vizuri, wa buluu, unanguruma. Wazee wakasogea kutazama. Ningefanyaje? Niliwahutubia. Niliwaambia kwamba propani ikivuka nyuzi tisini na saba, hata uigandamize vipi haiwi kioevu tena. Nilikuwa naingia kwa butani wakati Mzee Mutuku, mjomba wa Kalunde, alipouliza kwa upole mbona sufuria imenyamaza.

Moto ulikuwa umebaki mdogo kama wa mshumaa. Nikagusa mtungi. Umeota barafu! Na blanketi langu nimelisahau nyumbani. Lililokuwepo ni la mama mkwe. Nikachana nailoni, nikaufunga mtungi kama mtoto mchanga. Mzee Mutuku akanionya kwamba blanketi halina joto lake, litauzuilia tu mtungi joto la nje; nikamwambia hiyo si sayansi. Moto ukazima kabisa.

Mama mkwe akatoka kuuliza chumvi iko wapi, akaikuta zawadi yake. Alishika pindo. Limelowa, baridi tupu. Akaniuliza kama huo mtungi nao ninauoa. Ndunda alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaenda nyuma ya ghala na kurudi na kuni alizokuwa ameficha huko tangu asubuhi, mshenzi yule.

Kalunde mwenyewe ndiye aliyepuliza moto, macho yakimtoka machozi ya moshi, bila kunitazama. Hapo niliumia kweli. Nilidhani nimempoteza.

Nyama ililiwa jua likizama. Wazee wamekubali, ila mama mkwe nimletee mablanketi mawili mapya kabla ya mazungumzo mengine yoyote. Kalunde alinisindikiza hadi barabarani. Alisema nikimwaibisha tena hivyo, nitayala yale majedwali, tena bila chumvi. Halafu akanishika mkono. Niko na mke!

Jumapili, Julai 13

Shati bado linanuka moshi. Sikwenda kanisani, wangeniuliza kwa nini jiko lao lina mafuta ya mbuzi.

Nimekaa nikachambua mambo kwa kichwa kilichotulia, kisayansi, na kosa nimeliona. Nilipoufunika, mtungi ulizidi kuwa baridi. Maana yake iko wazi: blanketi lilikuwa jepesi! Muuzaji alinidanganya.

Kesho naenda Tala kununua matatu. Mawili ya mama mkwe, na moja, lile zito kuliko yote, la mtungi. Harusi ni Desemba. Ndunda nimeshampigia simu kumwambia asihangaike na kuni.