Sampuli za Daktari Gikonyo

Gikonyo alipoiona foleni nje ya supermaketi, imeanzia mlangoni ikapinda kona hadi kwa washona viatu, aliona riziki. Ofa ilikuwa ya siku moja: unga, sukari na mafuta kwa nusu bei, na kwa sababu ya korona watu waliingia kumi kumi. Eldoret nzima ilikuwa imesimama pale tangu alfajiri, barakoa puani, kila mtu akichunga asichomekewe mbele. Na mtu aliyechoka hivyo, jamani, haulizi maswali mengi.

Shida ya Gikonyo ilikuwa moja tu, lakini kubwa. Alimpenda Chebet, mwalimu wa nasari, na Jumamosi alitakiwa kijijini kwao Soy kwa mara ya kwanza, kujitambulisha kwa mama wa msichana. Huku kwetu huendi kwa wakwe mikono mitupu. Unaingia na shopping, tena ya kuonekana. Chebet alimwonya mapema: "Mama yangu hana maneno mengi. Ataangalia mikono kwanza." Na mikono ya Gikonyo, tangu kibanda chake cha mitumba kifungwe, haikuwa na kitu isipokuwa sanitaiza.

Wengine wangekopa. Gikonyo aliazima koti jeupe la kinyozi. Akabeba ile bunduki ndogo ya kusoma bei, mbovu, aliyoiokota duka fulani lilipofungwa, akasimama pale watu wanapotokea na mifuko, sura kama ya mtu aliyesoma chuo cha Chepkoilel miaka saba. Barakoa aliivuta kidevuni ili sauti ya utaalamu isikwame.

"Mzee, simama hapo. Sampuli."

"Sampuli ya nini tena, daktari?"

"Virusi vinakaa kwa pakiti. Tunatoa kitu kimoja kwa kila mfuko, kinapimwa. Matokeo utapigiwa simu."

"Na nisipotoa?"

"Basi tunachukua wewe."

Ulimi hauna mfupa! Miezi ile watu waliogopa karantini kuliko kaburi. Mzee alitoa sukari mbio, akashukuru. Aliyemfuata akauliza kama anaweza kutoa mbili ili apimwe vizuri. Kufikia saa tano Gikonyo alikuwa na magunia mawili: unga, mafuta, majani chai, hata kuku mmoja aliyenyonyolewa. Wizi ni wizi, sikatai, lakini kuna wizi unaofanywa kwa adabu sana.

Hapo akatokea mama mmoja wa makamo, barakoa imempanda hadi chini ya macho. Alimtazama Gikonyo muda mrefu.

"Mama, joto kwanza." Gikonyo akamwelekezea bunduki kwenye paji. "Safi kabisa! Sasa sampuli moja tu."

"Asante kwa kazi, kijana. Wewe ni daktari nani?"

"Daktari Gikonyo."

"Ooh. Na glavu zako ziko wapi, Daktari Gikonyo?"

"Zimeisha, Mama."

"Pole. Umeshika vitu vya watu wangapi na hiyo mikono?"

"Kama sitini hivi," akajibu kwa majivuno.

Mama akarudi nyuma hatua tatu, akapaza sauti: "Wenzangu! Huyu ameshika virusi vya watu sitini, na barakoa iko kidevuni!"

Foleni iliruka kando. "Asitukaribie!" "Pigeni simu achukuliwe!" Gikonyo alitaka kusema kwamba hakuna virusi, lakini kusema hilo kungemlazimu aseme na mengine mengi.

"Tulieni," mama akasema. "Mimi ni mhudumu wa afya kule kwetu, nitamshughulikia. Kijana, rudi Kimumu kwa miguu, ujifungie siku kumi na nne. Hivi vitu niachie. Najua pa kuvipeleka."

Akayanyunyizia magunia sanitaiza mbele ya watu wote, akaita gari la probox, akapakia. Gikonyo alitembea hadi Kimumu bila hata kujiuliza yule mama alijuaje anakoishi. Alinawa mikono mara tisa, akajifunika blanketi, koo likimwasha. Uongo aliutunga mwenyewe, na sasa ulikuwa umemlaza kitandani. Kilichomuuma zaidi ni Jumamosi. Angemwambia nini Chebet?

Jioni Chebet mwenyewe akapiga simu.

"Gikonyo, Mama ametoka town na shopping sijawahi kuona! Unga, mafuta, mpaka kuku! Anasema ameletewa na mkwe."

Gikonyo aliketi wima. "Mkwe gani?"

"Hata mimi nimemuuliza, anacheka tu. Anasema Jumamosi usije, umalize siku zako kumi na nne kwanza. Siku gani hizo?"

Gikonyo akatupa blanketi kando.

"Halafu anasema ukija usibebe kitu. Mahindi yetu yamefika kupaliliwa, ekari tatu, na jembe atakupatia yeye. Gikonyo? Uko? Anauliza unataka la mpini mrefu ama mfupi."

Gikonyo alikohoa kidogo, akafikiria mgongo wake, akamfikiria Chebet.

"Mrefu," akasema.